Mwanangu anaimba majina ya mabara, lakini ramani inamshinda

Swali. Mama mmoja wa Tanga ameniandikia kuhusu mwanawe aliye darasa la tano. Mtoto huyo anayataja mabara saba na bahari tano bila kukosea, tena kwa mahadhi aliyofundishwa darasani, lakini akiwekewa ramani isiyo na majina anaonyesha kisiwa cha Greenland na kukiita Afrika, anachanganya Atlantiki na Pasifiki, na Antaktika haioni kabisa. Mama anauliza amsaidieje nyumbani, kwa nini yeye mwenyewe alifundishwa bahari nne ilhali mwanawe anafundishwa tano, na kama inafaa ajinyime ili anunue tufe la dunia.

Jibu. Mama mpendwa, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa kuwa jambo unaloeleza nimelikuta karibu kila mwaka katika miaka niliyofundisha jiografia, na ningependa uanze kwa kuamini kwamba mwanao hana upungufu wa akili wala uvivu. Amefundishwa orodha, na ramani si orodha. Wimbo una mwanzo na mwisho: akishasema Asia, ulimi wenyewe unamletea Afrika, kisha Amerika Kaskazini, Amerika Kusini, Antaktika, Ulaya na Australia. Utaratibu huo umepangwa kwa ukubwa wa mabara, kubwa likitangulia, na ndani yake hamna neno hata moja linalomwambia mtoto kwamba Ulaya imeungana na Asia, au kwamba kati ya Afrika na Amerika Kusini kuna maji. Akisimamishwa mbele ya ramani, wimbo haumpi pa kuanzia. Bara hutambulika kwa jirani zake, yaani bahari iliyo kila upande wake, bara lililoshikana nalo, na mistari inayolikata. Hayo ndiyo ninayokuomba umfundishe, na majina atayabandika mwenyewe baadaye kwa kuwa tayari anayo.

Kabla ya kufungua ramani, zungumza naye juu ya maneno mawili. Mtoto wa Tanga amelisikia neno bara tangu utotoni likiwa na maana nyingine: Tanzania Bara ni ile isiyo Zanzibar, na mtu wa bara ni yule aliyetoka ndani, mbali na pwani. Mwalimu anapomwambia kwamba Afrika ni bara, baadhi ya watoto hujiuliza kimoyomoyo inawezekanaje Pemba iwe ndani ya bara. Mweleze kwamba katika jiografia bara ni eneo kubwa kabisa la nchi kavu pamoja na visiwa vilivyo karibu nalo, kwa hiyo Pemba, Unguja, Komoro na Madagaska zote zinahesabiwa katika Afrika. Neno bahari nalo lina mzigo kama huo, kwa kuwa sisi twaliita kwa jina moja lile eneo kubwa mno la Bahari ya Hindi na lile dogo la Bahari ya Sham. Zile tano anazoimba ni bahari kuu, nyingine ni matawi yake au vidimbwi vilivyozungukwa na nchi. Dakika kumi za mazungumzo haya zitakuokolea wiki nzima ya kusahihisha.

Sasa ramani yenyewe. Usiitundike ukutani mwanzoni. Itandaze sakafuni, juu ya mkeka, na uigeuze mpaka kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya kweli. Ninyi mnaikabili bahari upande wa mashariki, kwa hiyo mtoto akisimama akiitazama Pemba iliko, Mombasa iko mkono wake wa kushoto na Dar es Salaam mkono wake wa kulia. Mwache alione jambo hilo kwenye karatasi na nje ya nyumba kwa wakati mmoja. Lugha yetu imembebea pia dira iliyo tayari: kaskazini ni upande utokako kaskazi na kusini ni upande utokako kusi. Kaskazi ipulizapo, tangu Desemba hadi Machi hivi, upepo humjia kutoka upande wa kushoto; kusi ikishika, tangu Aprili au Mei, humjia kutoka kulia. Sababu ya pepo hizo inaonekana kwenye ramani hiyohiyo. Bahari ya Hindi, tofauti na Atlantiki na Pasifiki, imezibwa upande wa juu na bara kubwa kuliko yote, Asia. Nchi kavu ya Asia inapopata joto kali katikati ya mwaka, hewa yake hupanda na upepo wa baharini huvutwa kuelekea huko. Inapopoa sana mwishoni mwa mwaka, upepo hurudi kutoka nchi kavu kuja baharini. Majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kwa karne nyingi kwa sababu ya umbo hilo la bahari. Mtoto akilielewa hilo, hataihitaji tena rangi ya buluu na maandishi ili aijue Bahari ya Hindi: ni ile iliyofunikwa juu na Asia, yenye Afrika kushoto na Australia kulia, na iliyo wazi upande wa chini.

Hatua inayofuata ni safari ya kuizunguka Afrika kwa kidole. Weka kidole chake Tanga na mteremke kusini taratibu, mkitaja mnapopita: Dar es Salaam, Kilwa, Mtwara, pwani ndefu ya Msumbiji, Durban, mpaka Rasi Agulhas, ambayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika, ingawa wengi hudhani ni Rasi ya Tumaini Jema iliyo upande wake wa magharibi. Hapo simameni. Mstari wa longitudo wa nyuzi 20 mashariki unaopita kwenye rasi hiyo ndio unaohesabiwa kuwa mpaka wa Bahari ya Hindi na Atlantiki, na mtoto anastahili kuona kwamba hakuna ukuta wala rangi inayobadilika majini: maji ni mamoja, jina ndilo linalobadilika. Kisha pandeni upande wa magharibi, mpite Namibia, Angola na mdomo wa mto Congo, muingie katika pembe ya Ghuba ya Guinea, mzunguke nundu kubwa ya Afrika ya Magharibi hadi Senegali na Moroko. Kwenye Mlango wa Gibraltar, ambao upana wake mahali pembamba haufiki kilomita 15, Ulaya inaonekana ng’ambo kwa macho. Fuateni Bahari ya Mediterania hadi Misri, mpite Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, mshuke na Bahari ya Sham, mtoke kwa mlango wa bahari wa Bab el Mandeb, mkate Pembe ya Afrika, na mrudi kwa Mogadishu, Lamu na Mombasa mpaka nyumbani. Afrika nzima imezungukwa na maji isipokuwa pale Suez, ambapo shingo nyembamba ya nchi ilikuwa imeiunganisha na Asia hata ikachimbwa mfereji. Jirani zake wote wamekwisha kutajwa katika mzunguko mmoja: Bahari ya Hindi, Atlantiki, Ulaya ng’ambo ya Mediterania, na Asia ng’ambo ya Bahari ya Sham. Kama mna ndugu Muscat, mwonyeshe Omani na umwambie waziwazi kwamba Omani iko Asia, kwa sababu watoto wengi wa pwani huiona Uarabuni kuwa karibu mno nasi hata wakadhani ni sehemu ya bara letu.

Rudieni safari hiyo siku tatu au nne, kila mara mkianzia mahali pengine. Siku moja mwambie aizunguke kinyume. Utashangaa jinsi mtoto aliyekuwa akikosea anavyoanza kumsahihisha mzazi.

Makosa ya Atlantiki na Pasifiki, nijuavyo mimi, hayatokani na majina kufanana, bali hutokana na karatasi. Ramani nyingi zinazouzwa kwetu zimewekwa Afrika na Ulaya katikati, na ili dunia ilale bapa, mchoraji ameikata Bahari ya Pasifiki katikati, nusu akaiacha ukingo wa kushoto na nusu ukingo wa kulia. Mtu mzima anajua kwamba pande hizo mbili ni maji mamoja. Mtoto anaona bahari tatu: ya kushoto, ya kati na ya kulia, pamoja na ile yetu ya Hindi, na majina aliyonayo hayatoshi. Nimewahi kumwuliza mwanafunzi mmoja Pasifiki iko wapi, akaonyesha ukingo wa kushoto kwa usahihi. Nikamwuliza yale maji yaliyoko mashariki ya Japani ni bahari gani, akanyamaza, kisha akasema polepole kwamba hiyo hajafundishwa. Alikuwa mkweli, kwani hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kingo hizo mbili hukutana.

Dawa yake ni uzi na gundi. Tafuta ramani ya dunia ya karatasi, hata ile ndogo ya kutoa nakala, uikunje iwe mfano wa gogo, ukingo wa kushoto ugusane na wa kulia, na uibandike. Pasifiki imerudi kuwa moja, na ile ncha ya Urusi iliyokuwa imetupwa peke yake kwenye kona ya kushoto imerudi kwa mwenyewe. Sasa chukua uzi mwekundu. Mji wenu wa Tanga uko takribani nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na bahati njema iliyoje, Tabora na Kigoma nazo ziko karibu kabisa na mstari huohuo. Zungusha uzi kwenye nyuzi 5 kusini, chini kidogo ya Ikweta, uanze Tanga na kwenda mashariki. Uzi unaivuka Pemba, unapita karibu na Shelisheli, na baada ya takribani kilomita 7,000 za Bahari ya Hindi unafika ncha ya kusini ya kisiwa cha Sumatra huko Indonesia, ambayo ni Asia. Unaendelea kupitia mji wa Makassar katika kisiwa cha Sulawesi, unaingia Papua New Guinea, ambayo iko katika eneo la Australia na visiwa vya jirani, kisha unaingia Pasifiki. Hapo mtoto atachoka kusubiri. Ni zaidi ya kilomita 13,000 za maji na visiwa vidogo vidogo, mpaka pwani ya kaskazini ya Peru katika Amerika Kusini. Uzi unapita misitu ya Amazoni, unatokea kwenye bega la Brazili, unaivuka Atlantiki kwa zaidi kidogo ya kilomita 5,000, unaingia Afrika karibu na mdomo wa mto Congo, unaipita nchi ya Kongo, unavuka Ziwa Tanganyika, unafika Kigoma, Tabora na kurudi Tanga.

Mwache aukate uzi vipande vitatu, kila kimoja kwa urefu wa bahari aliyovuka, avipange sambamba kwenye mkeka. Kipande cha Pasifiki kitakuwa karibu mara mbili ya kile cha Hindi, na kile cha Atlantiki kitakuwa kifupi kuliko vyote. Tahadhari moja tu: asihitimishe kwamba Atlantiki ni ndogo kuliko Bahari ya Hindi, kwa kuwa Atlantiki ni nyembamba lakini ndefu, imejikunja mfano wa herufi S kutoka karibu na Ncha ya Kaskazini hadi karibu na Antaktika, na kwa eneo ndiyo ya pili baada ya Pasifiki. Pasifiki peke yake, kwa takribani kilomita za mraba milioni 165, inazidi nchi kavu yote ya dunia ikikusanywa pamoja. Mtoto aliyeushika uzi huo mikononi hatasahau.

Mabara mengine atajifunza upesi zaidi, kwa kuwa sasa ana pa kuanzia. Amerika Kusini aitafute ng’ambo ya Atlantiki, na umwonyeshe jinsi bega la Brazili linavyoelekea kuingia katika pembe ya Ghuba ya Guinea kama vigae viwili vya chungu kimoja. Kufanana huko ndiko kulikomsukuma Mjerumani Alfred Wegener, mwaka 1912, kutoa hoja kwamba mabara yaliwahi kuwa pamoja na yakaachana. Amerika Kaskazini imeshikana na Amerika Kusini kwa shingo ya nchi ya Panama, ulikochimbwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1914, na Meksiko pamoja na nchi za Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi zote ziko upande wa Kaskazini. Asia na Amerika Kaskazini zinakaribiana kwenye Mlango wa Bering, ambao una upana wa takribani kilomita 85 tu, jambo ambalo ramani iliyokatwa Pasifiki humficha mtoto kabisa. Australia ipo peke yake kati ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, haikushikana na bara lolote. Ulaya ndiyo yenye ugumu wa kweli, maana haitengwi na Asia kwa bahari; mpaka wao unafuata Milima ya Ural, mto Ural, Bahari ya Kaspi, Milima ya Kaukasi, Bahari Nyeusi na mlango wa Bosporus unaoupasua mji wa Istanbul, nusu Ulaya na nusu Asia. Mtoto wa darasa la tano akiikumbuka Milima ya Ural na Istanbul, anatosha.

Nije kwenye Greenland, kosa ambalo ningependa usimgombeze mtoto kwa ajili yake hata kidogo. Katika ramani nyingi za ukutani kisiwa hicho kinaonekana kukaribiana kwa ukubwa na Afrika, na mtoto aliyeambiwa kwamba Afrika ni bara la pili kwa ukubwa amefanya akili kutafuta umbo kubwa. Ramani ndiyo iliyomdanganya. Afrika ina takribani kilomita za mraba milioni 30, na Greenland ina takribani milioni 2.2, kwa hiyo Greenland kumi na nne zingeingia ndani ya Afrika. Kumwonyesha jinsi udanganyifu huo unavyotokea, chukua chungwa, na Tanga hamkosi machungwa maadamu Muheza iko jirani. Chora mstari kuzunguka tumbo la chungwa iwe Ikweta, chora Afrika ikikatwa na mstari huo, na karibu na kikonyo chora Greenland kwa udogo wake. Kisha mchane ganda kwa vipande virefu kutoka kikonyoni hadi chini, mlibandue bila kulivunja, mlibonyeze bapa mezani. Vipande vitagusana kwenye tumbo na kuachana kadiri mnavyoelekea ncha, na katikati yake kutabaki mianya mitupu. Mchora ramani hawezi kuuza ramani yenye mianya, kwa hiyo anayavuta maganda yakutane. Kwenye Ikweta havuti kitu. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 anavuta mara mbili, na kwa kuwa anataka maumbo yasipotoke, anavuta mara mbili kwenda juu pia, na eneo linaonekana mara nne ya lilivyo. Greenland inaanzia hapohapo kwenye nyuzi 60 na kupanda juu zaidi, ilhali Afrika imekaa katikati, ikikatwa na Ikweta, na hainufaiki na mvuto huo.

Aliyechora ramani ya namna hiyo ni Gerardus Mercator, mwaka 1569, na aliichora kwa ajili ya mabaharia, kwani ndani yake safari ya kufuata uelekeo mmoja wa dira huwa mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo ni ramani bora. Kwa kumfundishia mtoto ukubwa wa mabara haifai, nami naona ni jambo la haki kwamba mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono hadharani kampeni ya kuiacha ramani hiyo na kutumia zile zinazotunza maeneo, kama ile iitwayo Equal Earth iliyotolewa mwaka 2018. Ukipata ya aina hiyo, mpe mtoto hiyo. Usipoipata, chungwa linatosha, na umfundishe kuitambua Afrika kwa alama ambazo hazivutwi: ndilo bara pekee linalokatwa na Ikweta pamoja na mstari wa longitudo wa sifuri unaotoka Greenwich, na ndilo pekee ambalo Ikweta na tropiki zote mbili, ya Kansa na ya Kaprikoni, hulipitia. Bara atakaloliona likipitiwa na mistari hiyo yote kwa pamoja, hilo ni Afrika, hata ramani iwe na rangi gani. Greenland yenyewe, kwa jiografia, ni sehemu ya Amerika Kaskazini, ingawa kiutawala iko chini ya Denmark.

Kuhusu Antaktika, kosa tena ni la karatasi. Ramani zilizo nyingi huionyesha kama utepe mweupe uliochanika ukingoni mwa chini, na mtoto anauona kuwa pambo la ukingo. Katika shule moja niliyopita, ramani ya ukutani ilikuwa imekatwa chini ili itoshe juu ya ubao, na watoto wa darasa zima walihesabu mabara sita na kushangaa la saba limekwenda wapi. Antaktika ina umbo la kukaribia duara, kubwa kuliko Ulaya, kwa takribani kilomita za mraba milioni 14, na Ncha ya Kusini iko ndani yake. Mwonyeshe kwenye chungwa kabla hamjalimenya: ni kofia iliyoko chini. Ifundishe pamoja na Bahari ya Aktiki, kwa sababu majina yao yanawachanganya wengi na maumbo yao ni kinyume kabisa. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na mabara, ndogo kuliko bahari kuu nyingine zote, na juu ya Ncha ya Kaskazini hakuna ardhi ila barafu inayoelea. Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari. Aktiki ni jina lililotokana na neno la Kigiriki la dubu, na huko kweli ndiko waliko dubu weupe. Antaktika maana yake ni upande wa kinyume, na huko kuna pengwini, lakini hakuna dubu hata mmoja.

Hapo tunafikia swali lako la bahari nne na tano. Wewe hukufundishwa vibaya. Maji yanayoizunguka Antaktika yalikuwa yakigawanywa kati ya Atlantiki, Hindi na Pasifiki, na vitabu vingi vilihesabu bahari nne. Wataalamu wa bahari, hata hivyo, walikuwa wakijua kwamba maji hayo yana tabia yao: mkondo mkubwa huzunguka bara hilo kutoka magharibi kwenda mashariki bila kuzuiwa na nchi kavu popote, na ni ya baridi kuliko maji yaliyo kaskazini yake. Ndiyo maana eneo lililo kusini mwa latitudo ya nyuzi 60 likaitwa Bahari ya Kusini, na mwezi Juni 2021 National Geographic, shirika la Marekani linalochapisha ramani, nayo ikaanza kuichora katika ramani zake kuwa bahari ya tano. Nchi zote hazijakubaliana juu ya mipaka yake. Idadi ya mabara nayo si amri iliyoshuka: katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini Amerika zote mbili hufundishwa kuwa bara moja, wapo wanaoziunganisha Ulaya na Asia kuwa Yurasia, na pete tano za Olimpiki zilizobuniwa mwaka 1913 zilikusudiwa kuwakilisha mabara matano. Vilevile bara la saba wengine huliita Oshania, wakikusudia kuijumuisha New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Mwanao ayajue haya, kwa kuwa akili yake inayaweza, lakini katika mtihani aandike mabara saba na bahari tano kama anavyofundishwa.

Mazoezi yasiwe marefu. Dakika kumi na tano jioni, siku nne za wiki, zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili ambazo wote wawili mtazichukia. Paka karatasi nyembamba mafuta kidogo ya kupikia ili ipenye nuru, iweke juu ya ramani, na mtoto afuatishe pwani za mabara kwa penseli. Akimaliza, anayo ramani yake isiyo na majina. Usimwulize kwanza hili ni bara gani. Mwulize kuna maji gani upande wake wa mashariki, limeshikana na nani, Ikweta inalikata au hailikati, na jina lije mwisho. Akikosea, usimwambie jibu; mrudishe Tanga na kidole chake, asafiri tena kutoka nyumbani mpaka afike. Baada ya wiki tatu hivi, mpe karatasi tupu kabisa na umwambie aichore dunia kwa kichwa. Itakuwa mbaya: Ulaya itavimba, Australia itakuwa yai. Angalia kitu kimoja tu, kama kila bara liko kwa jirani zake. Likiwa hapo, amejua. Ziada moja: igeuze ramani juu chini siku moja, kusini ikae juu, umwulize tena. Mwanajiografia Mwarabu Al-Idrisi alipochora ramani yake maarufu mwaka 1154 aliiweka kusini juu, na picha mashuhuri ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambayo Afrika inaonekana ndani yake, awali ilikuwa na kusini upande wa juu kabla ya kugeuzwa. Mtoto anayeitambua Afrika ikiwa imepinduliwa hatababaishwa na mtihani wowote.

La mwisho ni tufe. Ni kifaa bora kuliko ramani zote, kwa kuwa hakikati Pasifiki wala hakivimbishi Greenland, lakini sitakushauri ujinyime kwa ajili yake. Uliza kwanza shuleni. Mara nyingi lipo moja kabatini, na mwalimu akiombwa kwa heshima hulitoa darasani. Ukiamua kununua, chagua lililo na mistari ya latitudo na longitudo iliyoandikwa namba, lenye maandishi yanayosomeka, na lizungushe kabla ya kulipa ili uhakikishe kwamba karatasi yake haikupishana pale inapoungana kwenye Ikweta, kasoro iliyopo katika matufe mengi ya bei nafuu na inayoweza kuikata Afrika vipande viwili visivyolingana. Uzi mwekundu uutunze, kwa kuwa kwenye tufe utafaa kuliko kwenye ile ramani mliyoikunja: mtoto ataweza kuuvuta ukakaza kati ya Tanga na mji wowote anaoutaka, na kuona njia fupi kweli inapita bahari gani.